Printa Inawaka, Kompyuta Haiioni: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka Mwanza na visiwa vya ziwani, na karibu zote zina lalamiko moja: printa ni nzima, taa inawaka, karatasi zipo, lakini kompyuta ya chumba cha pili haiioni. Kabla hujafuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa), fahamu kwamba printa ya kushirikiana hukwama njiani mara nyingi kuliko inavyoharibika yenyewe. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, maana ndivyo utakavyoyakuta.

Mwangaluka wataalamu. Nina steshenari ndogo barazani kwangu, wateja wangu ni wanafunzi wa chuo. Printa nimeichomeka kwa USB kwenye kompyuta ya mezani, na laptopu ya binti yangu ilikuwa inaprinti kutoka chumbani. Umeme umekatika na kurudi mara kadhaa, ruta ikaungua, nikanunua nyingine. Tangu hapo laptopu inaandika "Offline". Draiva nimeshaiingiza upya mara mbili. (Mama wa steshenari, Nyegezi)

Mama, draiva haina kosa, iache. Kilichobadilika ni ruta. Ruta mpya mara nyingi Windows huihesabu kuwa mtandao mgeni, na mtandao mgeni huwekwa kwenye daraja la Public, yaani kama Wi-Fi ya stendi, mahali ambapo usingependa kila abiria aichungulie kompyuta yako. Kwenye daraja hilo fayawoli, yaani mlinzi wa kompyuta dhidi ya wageni wa mtandaoni, hufunga mambo yote ya kushirikiana.

Anza na kompyuta ya mezani, kwa sababu ndiyo mwenye nyumba. Fungua Settings, ingia Network & internet, bonyeza muunganisho unaoutumia, chagua Private. Rudi nyuma, ingia Advanced network settings, kisha Advanced sharing settings. Chini ya Private washa Network discovery na File and printer sharing. Kwa Windows 10 ukurasa huo utaupata Control Panel, ndani ya Network and Sharing Center. Halafu nenda Printers & scanners, chagua printa yako, fungua Printer properties, kichupo cha Sharing. Share this printer iwe na tiki, na jina liwe fupi lisilo na nafasi katikati, mfano PRINTA1.

Sasa tafuta anwani ya kompyuta hiyo, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye kidirisha cheusi andika ipconfig, uangalie mstari wa IPv4 Address. Tuseme unasoma 192.168.1.20. Ukikuta namba inaanza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na ruta. Kagua kebo au Wi-Fi kwanza, mengine yasubiri.

Hamia kwenye laptopu, fungua kidirisha kama hicho, andika ping 192.168.1.20. Soma jibu neno kwa neno. "Reply from 192.168.1.20" maana yake njia iko wazi. "Destination host unreachable" maana yake kwenye anwani hiyo hakuna mtu: kompyuta imezimwa, imelala, au laptopu iko kwenye mtandao mwingine. "Request timed out" kwa kawaida ni mtu yumo ndani ila hafungui mlango; hiyo ni fayawoli, basi rudi kuhakikisha ile Private imekubali.

Njia ikiwa wazi, bonyeza tena Windows na R, andika \\192.168.1.20 kisha Enter. Tunapendelea kuandika anwani kuliko kusubiri kompyuta ijitokeze yenyewe kwenye Network, maana huko inaweza isionekane hata kama kila kitu ni kizima. Picha ya printa ikitokea, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Connect.

Ikikuuliza jina na nywila, hapo ndipo wengi hukwama. PIN unayoandika kila asubuhi kufungua kompyuta haifanyi kazi kupitia mtandao. Inatakiwa nywila yenyewe ya akaunti. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo hairuhusiwi kuingia kutoka kompyuta nyingine. Na Windows 11 Pro, tangu toleo la 24H2, imeziba pia ile njia ya kuingia kama mgeni bila jina, ndiyo maana kuna watu waliokuwa wanaprinti vizuri wakaamka siku moja wamefungiwa nje. Dawa ni moja: kwenye kompyuta ya mezani tengeneza akaunti ya kawaida, si ya msimamizi, uiite mchapaji, uipe nywila. Kwenye laptopu andika jina la kompyuta, mkwaju unaolala nyuma, kisha jina la akaunti, mfano DUKA\mchapaji, na uweke tiki kwenye Remember my credentials.

Yamebaki mawili. Kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta ya mezani weka Sleep kuwa Never, la sivyo ikisinzia wakati wa chakula cha mchana laptopu itaandika Offline tena. Kisha ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani kwa vifaa), utafute Address Reservation, uifungie kompyuta hiyo 192.168.1.20. Bila hivyo, TANESCO wakikata na kurudisha, inaweza kupewa namba nyingine, na barua hii utaiandika upya.

Yote nimefanya, ping inajibu, lakini nikibonyeza Connect inaleta namba 0x0000011b. Kompyuta yenye printa ni Windows 10, laptopu ni Windows 11. (Msomaji, Isamilo)

Namba hiyo ilianza kusumbua watu mwaka 2021. Microsoft waliziba tundu la usalama kwenye mazungumzo kati ya kompyuta na printa ya pamoja, na masasisho ya Septemba mwaka huo yakalazimisha mazungumzo yale yafanyike kwa usimbaji. Kompyuta moja ikiwa imesasishwa na nyingine imeachwa nyuma, hazielewani. Kwa hiyo sasisha zote mbili mpaka mwisho, ziwashe upya, ndipo ujaribu tena.

Ikigoma, ipitie kwa mlango wa pembeni. Kwenye laptopu ingiza kwanza draiva ya printa kama vile ni ya kwako mwenyewe. Halafu kwenye ukurasa wa printa wa laptopu bonyeza Add device, chagua kuongeza kwa mkono, Add a local printer, Create a new port, aina ya Local Port. Jina la poti andika \\DUKA\PRINTA1, yaani jina la kompyuta na jina la printa kama ulivyoliweka. Kisha chagua draiva uliyoingiza. Laptopu itadhani printa ni ya kwake, na kipengele kinacholeta namba ile hakiguswi.

Mafundi wengi hukimbilia rejista (ghala la mipangilio ya ndani ya Windows) ya kompyuta yenye printa na kuweka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kuwa 0. Inafanya kazi, hatukatai, lakini umelifungua tena tundu lile lile. Kwa nyumba yenye watu watatu wanaoaminiana unaweza kuvumilia. Kwa mahali ambapo wateja wanapewa nywila ya Wi-Fi, hapana.

Tunakaa Mabatini juu mawe­ni. Ruta iko nyumba ya chini pamoja na printa ya Wi-Fi. Mawimbi hayafiki nyumba ya juu, kaka akavuta kebo akaweka ruta ya pili. Intaneti sasa ipo kote, lakini laptopu ya juu haioni printa. (Mwanafunzi, Mabatini)

Mawe ya Mwanza mnayasifia kwa watalii, ila Wi-Fi hayaipendi. Jiwe la granaiti lenye unene wa mita moja halipitishi mawimbi ya maana, na kuongeza antena hakusaidii. Kaka yako hakukosea kuvuta kebo, alikosea tundu.

Kebo ikichomekwa kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) la ruta ya pili, ruta hiyo huanzisha mtandao wake. Chini mna 192.168.1.x, juu mna 192.168.0.x, na ukitafuta printa, utafutaji unaishia ukutani. Ajabu yake ni kwamba laptopu ya juu mara nyingi ikiandikiwa anwani ya printa moja kwa moja inaweza kuifikia, lakini laptopu ya chini haiwezi kufikia kitu cha juu. Ndiyo maana watu hubishana, mmoja anasema inafanya kazi na mwingine anaapa haifanyi.

Igeuze ruta ya juu iwe kituo cha Wi-Fi tu. Unganisha laptopu kwenye ruta hiyo kwa kebo, ingia kwenye ukurasa wake, ubadilishe anwani yake ya LAN (mtandao wa ndani) iwe 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha ruta ya chini haigawi namba hiyo kwa mtu mwingine. Hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya, zima DHCP. Ufuate mpangilio huo. Ukizima DHCP kwanza laptopu inaweza kukosa anwani kabla hujamaliza. Mwisho chomoa kebo ya kutoka chini kwenye WAN, uichomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Ruta nyingine zina kitufe cha Access Point kinachofanya hayo yote kwa mkupuo.

Kuhusu kebo yenyewe: aina ya Cat5e inatosha, mwisho wake ni mita 100. Nunua ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni nyepesi mkononi, hukatika ikipindwa, na kwa umbali mrefu husumbua. Ipitishe ndani ya bomba la plastiki ili jua na ncha za mawe visiile. Na kwa radi za huku ziwani, wingu likitanda chomoa kebo hiyo pande zote mbili. Usijaribu kurefusha waya wa USB wa printa badala yake, huo kikomo chake ni kama mita 5.

Huku Nansio hatuna ruta, tunatumia hotspot ya simu. Printa yangu ina Wi-Fi lakini haioni hotspot, wakati laptopu inaiona. Pia nauliza: kuprinti kunakula bando? (Mwalimu, Ukerewe)

Mwalimu, printa nyingi za nyumbani zinasikia mawimbi ya 2.4 GHz peke yake, na simu yako huenda inarusha 5 GHz. Kwa Android fungua mipangilio ya hotspot utafute sehemu ya bendi, uchague 2.4 GHz. Kwa iPhone washa Maximize Compatibility. Jina la hotspot na nywila ukishaviweka usivibadilishe, kwa sababu printa imevikariri na haina namna ya kukuuliza upya.

Bando haliguswi. Kazi inatoka kwenye laptopu, inapita kwenye simu, inaingia kwenye printa, haitoki nje ya nyumba. Hata simu ikiwa haina salio la intaneti printa itachapa, isipokuwa unatumia programu ya mtengenezaji inayodai kuingia kwenye akaunti kwanza. Bora zaidi kwako ni Wi-Fi Direct, kama printa inayo: printa yenyewe hurusha jina lake, mara nyingi linaanza na DIRECT, nywila inapatikana kwenye karatasi ya taarifa inayochapwa kutoka menyu ya printa. Laptopu inajiunga hapo, na simu unabaki nayo mfukoni.

Printa yangu ya leza niichomeke kwenye UPS pamoja na kompyuta? (Msomaji, Buzuruga)

Hapana. Kipasha joto cha leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS ndogo (kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) huzidiwa, hulia na kuzima kila kitu, kompyuta ikiwamo. Weka kompyuta na ruta kwenye UPS, leza uichomeke ukutani.

Kazi moja imeng'ang'ania kwenye foleni, nikifuta inaandika "Deleting" siku nzima, na za wenzangu zote zinasubiri nyuma yake. (Msomaji, Magu)

Fanya hivi kwenye kompyuta yenye printa, si kwenye ya kwako. Zima printa. Tafuta cmd, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator. Andika net stop spooler, Enter; hiyo husimamisha huduma inayopanga foleni ya kuprinti. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute vilivyomo ndani; folda yenyewe iache. Rudi uandike net start spooler, kisha washa printa. Kazi za wenzako nazo zitakuwa zimefutika, kwa hiyo waambie wazitume upya. Ile iliyokwama, kama ni PDF, kabla ya kuituma tena fungua Advanced kwenye dirisha la kuprinti la Adobe Reader, uweke tiki kwenye Print as Image; itachukua muda zaidi kutoka, lakini itatoka.