Roboti imeogopa au ameogopa? Ninachosoma siku hizi

Mkuu, umeuliza sisi wapenzi wa riwaya za sayansi ya kubuni na fantasia tunasoma nini siku hizi, na mtu anayeanza aanzie wapi. Wenzangu wameshakupa orodha nzuri za vitabu vipya. Mimi miezi hii miwili sijagusa kipya hata kimoja. Nimerudia vya zamani kwa sababu nilikuwa namsimulia mtu, na kilichotokea kimebadilisha kabisa namna ninavyovisoma.

Mdogo wangu wa kike aliumwa macho, akaambiwa akae wiki kadhaa bila kusoma wala kuangalia skrini. Si mpenzi wa vitabu hivi, ila jioni ni ndefu ukiwa huna la kufanya, akaniomba nimsimulie chochote nilichokuwa nasoma. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza. Mimi nikawa namsimulia kwa Kiswahili, sura baada ya sura, bila kuandika popote.

Nilianza na All Systems Red ya Martha Wells kwa kuwa ni fupi. Ilitoka 2017, ikabeba tuzo za Hugo na Nebula, zile kubwa za fasihi hii, upande wa riwaya fupi. Msimulizi ni mlinzi wa kutengenezwa, sehemu mashine, sehemu nyama iliyooteshwa kutoka kwa binadamu. Amekivunja kimyakimya kidhibiti kilichokuwa kinamlazimisha kutii, na uhuru alioupata anautumia kuangalia tamthilia. Hapendi kutazamwa usoni. Hana hamu yoyote ya kuwa binadamu.

Jioni ile nilianza vizuri: roboti imesimama, roboti imesikia kishindo. Ni mashine, ngeli ya I-ZI, kama redio au simu. Halafu tukafika pale mnyama mkubwa anapofumuka ardhini na kumjeruhi mtafiti mmoja. Mwenzake amepigwa na butwaa, hawezi hata kunyanyua mguu. Mlinzi anambeba majeruhi, halafu anamfunulia uso yule aliyeganda na kumsemesha taratibu, hatua kwa hatua, mpaka wanatoka shimoni. Nikasimulia: "Akafunua uso wake, akamwambia twende." Mdogo wangu akanikatiza: "Dada, mwanzo ulisema imesimama. Sasa mbona akafunua?"

Sikuwa nimekusudia. Ulimi ulibadilika wenyewe, na ulibadilika palepale mlinzi alipoonyesha huruma.

Tulilizungumza mpaka usiku. Katika Kiingereza mlinzi huyu anatajwa kwa neno la vitu mwanzo hadi mwisho, na ndivyo anavyotaka mwenyewe, kwa sababu neno la watu lingemwingiza katika jamii ambayo hakuomba kuingia. Basi nikadhani nimemkosea, nirudi kwenye "imesimama". Mdogo wangu akasema hapana: papa tunasema ameogelea, mende amekimbia, kuku ametaga, na hakuna aliyewahi kudhani tumewaita binadamu. Alikuwa sahihi. Kiambishi chetu "a" kinasema tu kwamba huyu yu hai. Mlinzi wa Wells yu hai na si mtu, na Kiswahili kina nafasi yake tayari, bila kuunda neno jipya. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara mbili kabla ya hapo, na sikuwahi kuliona hilo.

Tukaenda kwa Ursula K. Le Guin, The Left Hand of Darkness, cha 1969, nacho kilipata Hugo na Nebula. Mjumbe kutoka Dunia anatua peke yake kwenye sayari ya barafu ambayo watu wake si wanaume wala wanawake siku nyingi za mwezi. Kwa siku chache tu mmoja huwa wa kike au wa kiume, na hajui safari hii itakuwa ipi, hivyo mtu yuleyule anaweza kuwa mama wa mtoto huyu na baba wa yule. Le Guin aliandika kwa Kiingereza, akalazimika kuchagua kiwakilishi, akachagua kile cha kiume. Walilalamika wengi, kwamba msomaji anaishia kuona sayari ya wanaume watupu. Yeye aliutetea uchaguzi wake katika insha ya 1976, kisha miaka kama kumi baadaye akairudia insha ileile na kukiri kwamba wakosoaji walikuwa na hoja. Namheshimu sana kwa kukiri hivyo hadharani.

Sasa simulia kwa Kiswahili. Estraven, mwenyeji wa sayari ile, alikuja, akakaa karibu na moto, akasema. Basi, hakuna pa kuchagua. Mdogo wangu alisikiliza sura nyingi bila kuuliza kama Estraven ni mwanamume au mwanamke, na nilipomwuliza anamwonaje kichwani, alifikiri kidogo, akajibu, "Namwona amechoka." Tulikuwa kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote: Estraven na mjumbe wanavuka barafu kuu wiki nyingi, wanakokota mizigo yao juu ya theluji, wanalala ndani ya hema moja dogo, chakula wanakipima. Anayepata shida pale ni mjumbe, aliyekuja na mazoea ya kutaka kila mtu awe mmoja kati ya wawili. Nikiisoma kwa Kiingereza, shida ile huwa yangu pia. Kwa Kiswahili tulikaa upande wa Estraven, tukimshangaa mjumbe.

Tahadhari moja: usiniambie kwamba kwa hiyo lugha yetu haina tatizo hili. Ukisema mfalme, msikilizaji anaona mwanamume. Ukisema mkunga, anaona mwanamke. Kiambishi hakikusukumi, lakini picha unazo kichwani. Ilibidi nikwepe baadhi ya maneno, hasa ya ukoo. "Kaka" sikulitumia kabisa. Nilisema "ndugu", na ndugu likatosha.

Cha tatu ndicho tunachoendelea nacho: Ancillary Justice cha Ann Leckie, cha 2013, kilichozoa Hugo, Nebula na tuzo ya Arthur C. Clarke kwa mwaka mmoja, 2014. Msimulizi anaitwa Breq. Zamani alikuwa chombo cha vita cha angani, akili moja iliyokuwa inaendesha miili ya watu kwa maelfu. Amebaki mwili mmoja, na kisasi. Lugha yake ya nyumbani haitofautishi jinsia, na Leckie anaionyesha kwa kumwita kila mtu kwa kiwakilishi cha kike cha Kiingereza. Lakini kitabu kinaanza Breq akiwa ugenini, kwenye sayari ambayo lugha yake inadai useme huyu ni wa kike au wa kiume, naye hana uhakika. Anaangalia nguo, nywele, anabahatisha, anaogopa kukosea mbele ya watu wanaoweza kumdhuru.

Mkuu, nani kati yetu hajawahi kusimama pale? Umejifunza Kiingereza ukubwani au shuleni, unaongea vizuri, halafu unamwita mama wa mtu kwa neno la kiume na chumba kizima kinakutazama. Watu huichukulia kuwa ni ujinga. Leckie ameiandika kama jambo linaloipata akili iliyoendesha chombo cha angani, na niliposimulia ukurasa ule mdogo wangu alinishika mkono.

Vingine nitapita haraka. Brandon Sanderson: juzuu ya tano ya mfululizo wake ulioanza na The Way of Kings mwaka 2010 ilitoka Desemba 2024, na wengi humu bado wanapambana nayo. Ni kazi kubwa, ila usianze nayo. The Three-Body Problem ya Liu Cixin, riwaya ya kwanza ya tafsiri kushinda Hugo, mwaka 2015, inafaa kama unapenda fizikia na huhitaji sana kuwapenda wahusika. N. K. Jemisin alishinda Hugo ya riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, na kitabu cha kwanza kati ya hivyo vitatu, The Fifth Season, kwa sehemu kubwa kinakusemesha "wewe". Hicho ndicho kinachofuata kwenye zamu zetu.

Kuhusu uanzie wapi, ushauri wangu ni huu: kabla ya vyote hivyo, soma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952. Ni nyembamba. Liwali mwadilifu kila usiku anawapiga mijeledi manyani wawili anaowafuga, na mfalme anataka kujua kwa nini mtu mwema afanye hivyo. Ukiguswa na swali lile, huku kwingine utatembea bila taabu. Kisha Kusadikika, ya 1951, nchi iliyo angani, na wajumbe wanaotumwa pande sita kutafuta mema ya kigeni, wakirudi wanafungwa. Ukifika kwa mjumbe wa Le Guin utahisi umeshakutana naye.

Naomba mnisaidie jambo moja, nyinyi mliosoma Leckie. Kesho jioni tunafika kwenye sura za zamani, Breq akiwa bado chombo, yuko hekaluni, yuko barabarani na yuko angani kwa wakati mmoja, na miili yake inaimba wimbo mmoja kwa sauti nyingi. Kiingereza kinasema "mimi" kwa yote. Nikisema "niliimba", mdogo wangu ataona mtu mmoja. Nikisema "tuliimba", ataona kwaya, na chombo hakijioni kuwa wengi. Nyinyi mngesemaje?