Maswali ya Wasomaji: Wekundu wa Shorobo Hujificha Wapi?

SWALI: Mhariri, nikiwa katika msitu wa Amani, wilayani Muheza, nilimwona ndege wa kijani, mkubwa kuliko njiwa, akikimbia juu ya matawi kama kindi. Aliporuka mabawa yake yalikuwa mekundu mno, lakini alipotua wekundu wote ulitoweka. Mwenzangu alidai kuwa ni kasuku na kwamba rangi yake huchujuka akinyeshewa. Je, ni kweli?

JIBU: Uliyemwona si kasuku bali ni shorobo, ambaye wengine humwita kulukulu, na kwa mahali ulipotaja yaelekea ni shorobo wa Fischer, anayeishi katika misitu ya pwani kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na Unguja pia. Kishungi chake ni chekundu chenye ncha nyeupe, na chini ya jicho ana mstari mweupe. Dume na jike hufanana.

Wekundu uliouona umo katika manyoya makubwa ya mabawa, ambayo ndege akitua hufunikwa na manyoya ya kijani. Rangi yenyewe ndiyo ajabu kubwa ya ndege huyu: mwaka 1869 mkemia Mwingereza, Arthur Herbert Church, alieleza kuwa ndani yake mna madini ya shaba, ambayo shorobo huyapata katika chakula chake. Hata kijani chake ni rangi halisi, ilhali kijani cha kasuku hutokana na rangi ya manjano pamoja na muundo wa manyoya unaotawanya mwanga kwa namna ya pekee. Kuhusu mvua, mwenzako hakubuni kutoka hewani, kwa maana rangi hiyo nyekundu huyeyuka katika maji yenye magadi. Lakini mvua ya msituni haina magadi, basi shorobo hunyeshewa akabaki na wekundu wake.

Anakimbia matawini kwa sababu hana nguvu nyingi za kuruka, na kidole chake cha nje huweza kugeuzwa mbele au nyuma ili kushika tawi barabara. Makinda nayo hutoka kiotani na kutambaa matawini kabla hayajaweza kuruka.

Ukitaka kumwona tena, tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva, usimame chini yake kimya asubuhi na mapema, na usikilize sauti nzito ya kukwaruza kutoka juu ya majani.