Maswali yenu ya tangi la maji chumvi

Wiki hii karibu wote mlioandika mna tangi jipya, haya twende.

Kaka, tangi langu la lita 200 nimelijaza juzi, maji meupe kabisa. Jumamosi naweza kutia samaki? (Njiro)

Hapana aisee, subiri. Amonia haina rangi, huwezi kuiona kwa macho. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, kuna bakteria wanaigeuza kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza hiyo kuwa nitrati ambayo ndo ina nafuu, sasa hao bakteria kwako bado hawajajijenga, wanahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kukaa vizuri kwenye mawe na mchanga. Tia kipande cha samaki mbichi kioze humo, pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda ishuke, nitriti nayo ipande ishuke, zote zikisoma 0 toa kile kipande, badilisha maji kiasi, anza na samaki mmoja tu. Mimi niliweka wawili siku ya tatu, asubuhi nikawakuta wako juu juu wanahema kama wamepanda Meru, jioni nikawafukia chini ya mgomba.

Floraidi ya maji ya Arusha haiui samaki? (Sakina)

Floraidi inatumaliza meno sisi, ila hata bahari yenyewe inayo, kama miligramu 1.3 kwa lita. Visima vingine vya huku vimezidi hapo mbali sana kwa hiyo sikushauri uvitumie, lakini kinachokuumiza kichwa haraka zaidi ni klorini ya bomba na silika ya mawe yetu ya volkano, ule utando wa kahawia unaopaka kioo chote unaipenda sana hiyo. Tumia maji ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka madini yakatoka, ukinunua kwa dumu pima kwanza, TDS (kipimo cha madini yaliyoyeyuka) iwe karibu na 0 maana kuna wanaorudishia madini.

Kila wiki maji yanapungua naongezea ya chumvi, sasa kipimo cha chumvi kinasoma 1.030! (Moshi)

Maji yanakauka, chumvi inabaki. Toa maji ya tangi kidogo uweke RO tupu badala yake, kidogo kidogo kila siku, mpaka urudi 1.025, halafu yakipungua ongezea RO tupu.

Shemeji anatoka Tanga na pikapu, aniletee maji ya bahari? (Moshi)

Alete, ila asichote bandarini wala mdomo wa mto, wala mvua ikiwa imetoka kunyesha. Na madumu yasiwe yale yaliyobeba dizeli, hata ukiosha mara kumi harufu haitoki. Asipopata sehemu nzuri mwambie aache, kilo 7 za chumvi ya akwariamu zinatosha lita 200.

Shikamoo. pH ya tangi langu (kipimo cha asidi ya maji) imeshuka, ni 7.8, jirani anasema nitie magadi. (Kijenge)

Marahaba, magadi muachie jirani apikie makande. Hujui yana nini ndani, na pH ikiruka ghafla samaki wanateseka kuliko hiyo 7.8. Nikuulize, baridi hii madirisha si umefunga yote? Hewa chafu ya chumbani inashusha pH. Chota jagi la maji ya tangi, lipeleke nje, liwekee pampu ya hewa saa nzima halafu pima tena. Ikipanda kuelekea 8.2, fungua dirisha, hita itapambana na baridi.