Thamani moja au nyingi? Amua kabla fomu haijafika

Kama ndiyo unaanza kupokea data za fomu kwa Python, jua mapema kwamba jina moja la sehemu linaweza kuja na thamani moja, likaja na kadhaa, au lisije kabisa. Kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi na kivinjari. Vikitiwa tiki viwili vyenye jina lilelile, seva hupokea `lugha=sw&lugha=fr`.

Wengi huogopa thamani nyingi, kumbe inayouma ni ile moja. Tazama:

```
for l in lugha:
    hifadhi(l)
```

Ukijaribu kwa visanduku viwili, zinahifadhiwa sw na fr, kila kitu safi. Akija mtu aliyechagua kimoja tu, na `lugha` ikawa stringi "sw" badala ya orodha, Python itaizungusha herufi kwa herufi: itahifadhi s, kisha w. Programu haisimami wala haitoi onyo, na uchafu unaingia kwenye hifadhidata kimyakimya. `in` nayo ina mtego huohuo: kwenye orodha inatafuta kipengele kizima, kwenye stringi inaridhika na kipande, kwa hiyo `"w" in "sw"` ni kweli.

Moduli ya zamani ya `cgi`, iliyokuwa ikisoma data za fomu, ilichangia sana tatizo hili. `getvalue` yake ilirudisha stringi au orodha kutegemea kilicholetwa, na watu wakajaza `isinstance` kila kona ili kukagua ni ipi kati ya hizo mbili. Python 2.2 ilileta `getfirst` (thamani ya kwanza tu) na `getlist` (orodha siku zote). Moduli yenyewe iliondolewa kwenye 3.13, ila msimbo wa aina hiyo bado utaukuta kazini.

Anayeamua kama sehemu ni ya thamani moja au nyingi awe wewe, kwa kila jina, pale unaposoma fomu. Usiiachie data iamue, maana yeyote anaweza kuandika `?jina=a&jina=b` kwenye anwani, ukapata orodha ulipotarajia stringi, na `jina.upper()` ikaangukia hapohapo. Kwenye Flask, mfumo wa kutengeneza tovuti kwa Python:

```
jina = request.form.get("jina", "")
lugha = request.form.getlist("lugha")
```

`getlist` hurudisha orodha siku zote, hata tupu, kwa hiyo kitanzi chako hakihitaji ulinzi wowote. Django, mfumo mwingine wa aina hiyo, nayo ina `getlist`, kwenye `request.POST`. Angalia tu kwamba jina likirudiwa, `get` ya Flask hukupa thamani ya kwanza, ya Django hukupa ya mwisho. Ukihamisha msimbo kutoka huku kwenda kule, tofauti hiyo haionekani kwa macho.

Usipotumia mfumo wowote, ipo `parse_qs` ya `urllib.parse`, moduli inayokuja na Python yenyewe. Mimi naipenda kwa sababu haibahatishi: kila jina lina orodha, hata kama thamani ni moja. Lakini sehemu iliyoachwa wazi huitupa pamoja na jina lake, mpaka uiambie `keep_blank_values=True`.