Sanamu la dinosaria shuleni: kagua miguu kwanza

Mwalimu, nimekuelewa: makumbusho yamewapa sanamu la dinosaria waliloliondoa, nawe unataka likae chini ya miembe ya shule hapo Tabora. Linafaa, ila ligongegonge kwanza kwa kifundo cha kidole. Panapotoa sauti butu, matabaka ya faibaglasi (nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi ngumu) yameachana. Kama ni la plasta, liwekeni darasani, mvua italimaliza.

Fundi wa kuchomelea akague chuma cha miguuni, kutu hujificha humo. Watoto watapanda tu, hata mkikataza, kwa hiyo msingi wa zege aupitishe mhandisi. Msipige msasa bila barakoa: rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kibaoni andikeni Tendaguru, Lindi. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huko 1909 hadi 1913 iko Berlin, Ujerumani.