Kangomba ni tabaka au ni neno tu? Maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu nasoma historia, nyumbani Newala. Risechi yangu ni kuhusu wakulima wa korosho na kangomba, yaani mkulima anapewa hela leo halafu analipa korosho akivuna. Msimamizi wangu anasema nianze na uyakinifu wa kihistoria, nani anamiliki nini na nani anamtumikia nani. Kwenye semina mwalimu mwingine akasema hayo yamepitwa, siku hizi ni posti-strakcharalizimu, tunachambua diskosi, yaani namna watu wanavyolitaja na kuliongelea jambo, na hakuna tabaka nje ya lugha inayolitaja. Nimechanganyikiwa, nishike lipi? – Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiogope, huo ugomvi hawajauanzisha walimu wako, na waliogombana kabla yao walikuwa watu wenye akili sana.

Marx mwaka 1859 aliandika kwamba namna watu wanavyozalisha mahitaji yao ndo inayobeba siasa, sheria na mawazo yao, na wanahistoria wengi wa maisha ya watu wa kawaida wakaanzia hapo. E. P. Thompson wa Uingereza kwenye kitabu chake cha 1963 akasema tabaka sio kitu kimekaa pale kama gunia, ni jambo linalotokea kati ya watu, na kinachounganisha shida zao na fahamu zao ni yale wanayoyapitia. Shika hilo neno, wanayoyapitia, maana vita yote iko hapo. Mwaka 1983 Gareth Stedman Jones akawasoma upya Wachartisti, wale wafanyakazi wa miaka ya 1830 na 1840 waliodai haki ya kura, akakuta maneno yao wenyewe yanalaumu zaidi bunge na watawala kuliko mwenye kiwanda, sasa we mwanahistoria unapata wapi ruhusa ya kuwasemea kitu wasichokisema? Halafu Joan Scott wa Marekani, 1991, akaenda mbali zaidi, akasema hata hayo unayoyapitia hayaji matupu, unayapitia ukiwa umeshaitwa mwanamke, umeshaitwa mtumwa, umeshaitwa mhalifu. Bryan Palmer wa Kanada yeye alishawaka tangu 1990, kwamba watu wamezama kwenye maneno, unyonyaji wenyewe wameuacha nje.

Turudi Newala basi. Kifuku, msimu wa mvua, kimekaza, chakula ndani kimeisha, mtoto anadaiwa hela shuleni, na mwezi wa sita mikorosho itataka salfa ya kuzuia ukungu, anakuja mtu mwenye hela anakupa leo halafu utamlipa korosho ukivuna, kwa kipimo cha kibakuli anachokishika yeye, kwa bei aliyoipanga yeye. Hapo mi nasimama na msimamizi wako bila kuyumba. Ule mwezi wa njaa haukuletwa na diskosi, na mwenye hela mwezi wa pili ndo mwenye korosho mwezi wa kumi. Stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, imeanza kwenye korosho 2007, mnada upo, AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zipo, lakini mnada unafanyika wakati wa mavuno na njaa inakuja kabla ya mavuno, kwahiyo ukiandika sura nzima ya maneno bila kuandika deni utakuwa umewadhulumu watu wa kwenu mara ya pili.

Ila sasa kumbuka 2018. Wakulima wamekataa bei za mnada, mwezi Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, na kabla ya malipo watu wakahakikiwa kama kweli wana mashamba. Msimu ule kuitwa mtu wa kangomba kulikuwa kunaweza kukunyima pesa yako kabisa. Jambo ni lile lile la kifuku, aliyekopa aliona amesaidiwa, serikali ikaliita kosa, na jina lililoshinda ndo likaamua nani mkulima halali nani mlanguzi. Hapo mwalimu wa semina ana haki yake, na bora ukiri hivyo kwenye kazi yako, usimpite kimya kimya. Tena lipeleke swali la Scott kwenye daftari la AMCOS: jina lililoandikwa ni la nani, la baba au la mama aliyeziokota hizo korosho? Kama mama hayumo basi kwenye makaratasi yeye sio mkulima, na akiuza kibakuli kimoja anunue unga anahesabika ameuza cha mtu.

Kwahiyo anza na deni, ukishalipima kabisa ndo uliulize neno kangomba lilifanya kazi gani. Ukigeuza, neno litakuwa linaelea.

SWALI: Babu alituambia Maji Maji ilitokana na pamba, shuleni tukaambiwa ni dawa ya Kinjikitile. Nani mkweli? – Msomaji, Kilwa

JIBU: Babu yako ana haki ya kuanza kusikilizwa, maana Julai 1905 kule Nandete kwenye milima ya Matumbi watu waling'oa pamba, kitu walicholimishwa kwa nguvu. Lakini pamba haitoshi ndugu yangu, Wangoni wa Songea waliingia vitani na mashamba yale ya pamba ya kulazimishwa hayakuwa shida yao kubwa kama huku Kilwa. Kilichovuka milima na mito kikawaunganisha watu waliokuwa hata hawajuani ni neno la maji ya dawa kutoka Ngarambe kwa Kinjikitile, kwamba ukiyatumia risasi ya Mjerumani haikudhuru. Kinjikitile mwenyewe Wajerumani walimnyonga mapema, Agosti hiyo hiyo ya 1905, na vita ikaendelea mpaka 1907. Mwenye dawa ameshazikwa na watu bado wanakunywa maji. Muulize babu kama aliwahi kusikia nani alileta hayo maji kijijini kwenu, na aliyeyaleta alisema maneno gani, uandike kama anavyotamka, kwa Kimatumbi kama ndo lugha yake.