Ukipeleka gemu la kansa mtaani, tandika mkeka kwanza

Mama yangu mdogo alipelekwa Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, akiwa keshachelewa, miezi na miezi anatoka damu anadhani ni mambo ya kukoma hedhi tu, na hakurudi. Ndo mana nikaingia kwenye kazi ya kupeleka gemu za simu kuhusu kansa ya mlango wa kizazi huku kwetu Tanga, na kama na wewe unataka kufanya hivo kwenu naomba unisikilize.

Usitegemee bando. Gemu letu la kwanza lilitaka intaneti muda wote, na kina mama wa kikoba Makorora wengi wana kitochi au smatifoni yenyewe ni ya mume, basi likafa. Tukatafuta lisilotaka intaneti, tableti mbili kuukuu, wanacheza watano watano mkekani, na hapo ndo nikaelewa kwamba mtu akicheza peke yake anajibu maswali tu ila wakiwa watano wanaongea.

Alafu lile la kwanza ukikosea linapiga mlio na alama nyekundu. Bibi mmoja akaisukuma tableti, "mwanangu mi sikusoma", hakuigusa tena, iliniuma sana yani. Sa hivi ukikosea unasikia sauti ya mama mtu mzima, "hebu tuangalie tena shoga yangu".

Levo wanayoipenda ni ya kipimo, nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika nzima, pakigeuka peupe pana kitu cha kuangaliwa. Dakika ile ndo maswali yanamwagika. Siki hii hii ya kachumbari? Kile chuma cha kufungulia ukeni kinauma? Nikikutwa nayo mume wangu ataniacha? Usiwakatishe jamani! Mimi niliwahi kuharakisha nimalize kikao, baadae nikaja kujua mama mmoja alikuwa anatoka damu kila baada ya tendo na alikaa pale na swali lake mpaka tukakunja mkeka. Toka siku ile siendi bila nesi.

Kuna gemu la Marekani linaitwa Re-Mission, utafiti uliotoka 2008 ulionyesha vijana wenye kansa waliolicheza walifuata dawa zao vizuri zaidi, kwahiyo gemu zinasaidia kweli. Ila wale walikuwa tayari wako kwenye matibabu, wa kwetu bado hajafika hata getini.

Kwahiyo gemu letu haliishii kwenye pointi. Likiisha tunaandika majina wawili wawili na siku ya kliniki, mwenye miaka 30 na kuendelea anaenda kupimwa, mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 anaambiwa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa hii, ni bure na sa hivi ni dozi moja tu. Wawili wawili kwasababu anayeenda peke yake mara nyingi anageuzia njiani, mwenye mwenzake wa kumpitia asubuhi anafika.